Fulham Palace, nyumba ya kiangazi ya maaskofu wa London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi, kwa wanaotaka kuitembelea nyumba hii, wanaotaka kuitumia kwa shughuli, na wanaotaka kuokoa jengo kongwe la kwao kwa njia kama iliyotumika hapa. Pale jibu moja linapotegemea lingine, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Fulham Palace ni nini hasa?

Ni nyumba iliyokuwa ya maaskofu wa London, ukingoni mwa mto Thames, magharibi mwa jiji, karibu na daraja la Putney. Askofu Waldhere aliipata ardhi ya Fulham karibu na mwaka 704, na tangu hapo ikarithiwa na kila aliyeshika cheo hicho: Wakatoliki kwanza, kisha Waanglikana baada ya kanisa la Uingereza kujitenga na Roma. Askofu wa mwisho kuishi hapa, Robert Stopford, alistaafu mwaka 1973. Zaidi ya miaka 1,200 nyumba ilikuwa ya cheo kimoja. Pengo kubwa lilikuwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na jamhuri ya Uingereza iliyofuata: iliuzwa mwaka 1647 kwa kanali wa jeshi la Bunge, ikarudishwa kwa kanisa mwaka 1660 mfalme aliporejea.

Leo ina makumbusho, bustani ya ekari 13, mkahawa, kumbi za kukodi, kanisa dogo na kituo cha masomo ya watoto. Kuingia makumbusho na bustani ni bure.

2. Kwa nini inaitwa makazi ya kiangazi?

Kwa sababu kazi za askofu zilikuwa mjini: kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, Bunge, mahakama za kanisa. Lakini London ya zamani wakati wa joto ilinuka, na tauni ilipoingia iliua zaidi miezi ya jua kali. Mwenye uwezo alihama. Askofu alipanda mashua, akasubiri maji ya mto yaanze kujaa, akapandishwa nayo hadi Fulham. Kurudi alisubiri yapwe. Thames hujaa na kupwa hapa kama mkono wa bahari unavyofanya Lamu au Tanga, kwa hiyo safari zilipangwa kwa saa za maji.

Nyumba ya mjini ilibadilika mara kadhaa. Iliyodumu zaidi ni ile ya St James's Square namba 32, ambako maaskofu walikaa wakati wa vikao vya Bunge hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya hapo Fulham ikawa makazi ya mwaka mzima, na hapo ndipo gharama zilipoanza kuwaelemea. Nyumba iliyojengwa ili ikaliwe miezi michache ya jua, yenye kumbi ndefu na madirisha makubwa, ni kazi ngumu kuipasha joto mwezi wa Januari.

3. Mbona inaitwa kasri wakati hakuna mfalme aliyeishi hapo?

Kwa Kiingereza makazi rasmi ya askofu huitwa kwa jina lilelile la kasri ya mfalme. Usiichanganye na Lambeth Palace, ambayo ni ya Askofu Mkuu wa Canterbury na iko ng'ambo ya mto, kuelekeana na majengo ya Bunge. Askofu wa London kwa sasa makazi yake rasmi ni Old Deanery, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo.

4. Ndiyo Fulham ile ya mpira?

Mtaa ni uleule. Uwanja wa Craven Cottage, ambao klabu ya Fulham imeutumia tangu 1896, uko upande wa kaskazini wa bustani ya umma ya Bishops Park, na kasri iko ubavuni mwa bustani hiyohiyo. Ardhi ya Bishops Park nayo ilikuwa ya maaskofu, ikatolewa kwa wananchi na kufunguliwa mwaka 1893. Siku za mechi jambo hili lina uzito wake. Soma swali la 14.

5. Nani mwenye nyumba sasa, na nani anaiendesha?

Ardhi na jengo bado ni mali ya kanisa. Mwaka 1975 halmashauri ya Hammersmith na Fulham ilikodishwa eneo lote kwa mkataba wa muda mrefu, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1992, na tangu 2011 uendeshaji uko mikononi mwa Fulham Palace Trust, taasisi ya hisani iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Mgawanyo huu wa mwenye mali, mpangaji na mwendeshaji ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuiga. Tumeueleza zaidi katika swali la 17.

## Nyumba yenyewe

6. Mbona inaonekana kama nyumba tatu tofauti?

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Ukiingia kwa lango la magharibi unakuta ua wa ndani wa zama za Tudor (ukoo uliotawala England 1485 hadi 1603), matofali mekundu madogo ya kuchoma, na ndani yake mistari ya mshazari ya matofali yaliyoungua hadi kuwa meusi, imesukwa kama ukili wa mkeka. Katikati ya ua kuna chemchemi ya mwaka 1885. Pita ndani utokee mashariki, na unasimama mbele ya uso wa Kijojia, yaani mtindo wa zama za wafalme wa Uingereza walioitwa George, tulivu na wa mistari minyoofu, uliojengwa kwa ajili ya Askofu William Howley mwaka 1814 na 1815. Kisha pembeni kuna kanisa dogo la mwaka 1867, kazi ya msanifu William Butterfield kwa Askofu Tait.

Kila askofu alirithi nyumba asiyoweza kuiuza, akabomoa alichoshindwa kukivumilia, na kuacha kilichobaki. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuibomoa yote, na ndiyo maana imetufikia.

7. Mnajuaje kwamba Ukumbi Mkuu ni wa mwaka 1495?

Kwa kuhesabu pete za miti. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame, na mpangilio huo haujirudii sawasawa. Fundi hutoboa boriti kwa kekee yenye mrija, akatoa kijiti chembamba kama penseli, akapima pete zake chini ya hadubini na kuzilinganisha na kumbukumbu ya pete za miti ya England. Pakibaki gome au tabaka la mwisho chini ya gome, mwaka mti ulipokatwa hujulikana. Waashi na maseremala wa zama hizo walitumia mwaloni mbichi, kwa hiyo mwaka wa kukata na wa kujenga haviko mbali.

8. Je, kuigeuza nyumba ya askofu kuwa ya umma si kuiharibu?

Swali hili huja na dhana kwamba nyumba ilikaa bila kuguswa hadi juzi. Utazame Ukumbi Mkuu. Ulijengwa wa kulia chakula. Mwaka 1814 hivi Howley akaufanya kanisa. Tait alipojenga kanisa jipya mwaka 1867, ukarudi kuwa ukumbi. Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nyumba ilipokea askari waliojeruhiwa kama hospitali. Chumba cha Askofu Sherlock, chenye dari ya plasta ya mapambo ya mwaka 1750 hivi, kilikuwa cha kulia chakula. Kilirejeshwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 2019 na sasa hufungiwa ndoa. Sebule ya wageni imekuwa mkahawa.

Kwa maoni yetu, jambo la kuangalia ni kama matumizi mapya yanafuata umbo la chumba. Sebule kuwa mkahawa ni jambo la asili: watu wanakaa, wanakunywa chai, wanatazama bustani kupitia madirisha yaleyale. Ungeligawa dari la Sherlock kwa kuta za mbao ili upate ofisi tatu, hapo ungekuwa umeharibu.

9. Maaskofu hawa walikuwa upande gani katika suala la utumwa?

Kwa msomaji wa pwani yetu swali hili ni la lazima, na jibu halina upande mmoja. Maaskofu wa London walisimamia makanisa ya Waingereza katika makoloni ya ng'ambo, ikiwemo Marekani na visiwa vya Karibiani, mahali palipolimwa na watumwa. Shirika la kimisionari la kanisa lao lilimiliki mashamba ya Codrington huko Barbados, pamoja na watu waliofanywa watumwa humo.

Beilby Porteus, aliyekuwa Askofu wa London kuanzia 1787 hadi 1809, ndiye aliyesimama mbele ya shirika hilohilo mwaka 1783, wakati huo akiwa Askofu wa Chester, akalihubiria kuhusu hali ya watumwa wa mashamba yake. Shirika lilikataa mpango wake wa kuboresha hali hiyo, lakini aliendelea kupigania jambo hilo katika Bunge hadi biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku na sheria ya mwaka 1807. Vitabu vyake aliwaachia maaskofu waliomfuata, na chumba cha maktaba yenye jina lake ni sehemu ya makumbusho. Ingia humo kwa utulivu. Ni chumba kizuri, na historia inayohusiana nacho ni nzito.

10. Ni kweli kwamba muswada muhimu wa historia ya Marekani ulipatikana humu?

Kweli. Simulizi aliyoiandika kwa mkono Gavana William Bradford kuhusu koloni la Plymouth lilitoweka Boston, likatambuliwa katika maktaba ya Fulham mwaka 1855, na kurudishwa Massachusetts mwaka 1897. Lilikuwa halijafichwa. Lilikuwa kwenye rafu, na waliopita hapo hawakujua walichokuwa wakikitazama.

## Bustani na handaki

11. Handaki la maji liko wapi? Mbona silioni?

Limefukiwa. Handaki lilizunguka eneo la ekari 36 hivi, mzunguko wa karibu maili moja, na hutajwa kuwa miongoni mwa mahandaki marefu kabisa ya makazi yaliyowahi kuzunguka nyumba England. Maji yaliingia kutoka Thames kwa mlango wa maji uliofunguliwa kufuata kujaa kwa mto. Mlango wa aina hiyo ukizibwa na tope, maji hutuama, na yakituama huoza. Kati ya 1921 na 1924 likajazwa kifusi. Karibu na lango unaweza kuona sehemu ya daraja lililochimbuliwa upya, na ukitazama nyasi pembeni utaona ardhi ikizama kidogo kwa mstari mrefu. Hilo ndilo handaki.

Nani alilichimba? Waviking waliweka kambi Fulham majira ya baridi ya mwaka 879, na kwa muda mrefu watu waliwahusisha nalo. Uchimbaji wa kiakiolojia umeonyesha watu waliishi hapa tangu zama za mawe na wakati wa Warumi, kwa hiyo usikubali haraka jibu la mtu mmoja.

12. Mti upi ndio mkongwe zaidi, na maaskofu walihusikaje na mimea?

Ni mwaloni wa aina isiyopukutisha majani, ambao umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 450 na 500. Una mashina kadhaa yaliyotanda kama mkuyu wa zamani. Usiukanyage mizizini wala kumpandisha mtoto kwa ajili ya picha: mizizi inayolisha mti mzee iko sentimita chache tu chini ya udongo, na nyayo za watu wengi huukandamiza udongo hadi hewa na maji visipite.

Askofu Grindal, wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, alimpelekea malkia zabibu za hapa. Lakini bingwa wa bustani alikuwa Henry Compton, askofu kuanzia 1675 hadi 1713. Kwa kuwa alisimamia makanisa ya makoloni, aliwatumia mapadri kama watafuta mimea. John Banister, aliyemtuma Virginia, alimletea mwaka 1688 magnolia ya kwanza kufika Ulaya. Compton alizikwa katika uwanja wa kanisa la All Saints, dakika chache kwa miguu kutoka langoni.

13. Vile vishimo kwenye ukuta wa bustani ni vya nini? Na je, naweza kupata kipande cha kulima?

Ni vidaka. Anayejua nyumba za mawe za Lamu atavitambua mara moja, ila hivi si vya kuwekea vyombo vya kauri. Ni vya mizinga ya nyuki. Zama za Tudor mzinga ulikuwa kikapu cha majani makavu yaliyosukwa kwa kamba, na mvua ikiupiga huoza. Ukiuweka ndani ya kidaka, ukuta wa matofali huukinga na mvua na upepo, na usiku huurudishia joto la jua la mchana. Ndani ya ukuta huohuo kuna bustani ya mboga, vitanda vya maua vilivyopangwa kwa mafundo, na nyumba ya vioo ya mizabibu. Mboga za bustani huuzwa hapohapo zinapokuwa tayari.

Kuhusu kulima: mashamba madogo ya wakazi yaliyo jirani, Fulham Palace Meadows, yana chama chake na orodha yake ya kusubiri. Ofisi ya kasri haigawi vipande. Njia ya haraka ya kushika jembe ni kujitolea katika bustani ya kasri.

## Kufika na kutembelea

14. Nafikaje, na watu hukosea wapi?

Panda treni ya chini kwa chini ya njia ya District inayokwenda Wimbledon, ushuke Putney Bridge. Kosa la kwanza ni kupanda ya Richmond au Ealing; ukigundua mapema, badilisha Earl's Court. Kosa la pili ni la kawaida zaidi: kushuka Fulham Broadway kwa sababu jina lina neno Fulham. Hicho ni kituo cha uwanja wa Chelsea. Baki ndani, pita Parsons Green, ushuke kinachofuata.

Kutoka kituoni elekea mtoni, pita kanisa la All Saints, ingia Bishops Park na ufuate njia. Ni mwendo wa dakika kumi hivi. Siku ambayo Fulham wanacheza nyumbani njia hiyohiyo hujaa mashabiki saa moja na nusu kabla ya mechi na mara tu inapoisha. Mwenye gari la mtoto au mzazi mzee afike asubuhi, au aje siku nyingine. Siku ya mashindano ya makasia ya Oxford na Cambridge, ambayo huanzia karibu na daraja la Putney mwezi wa Machi au Aprili, hali ni ileile au zaidi.

Kabla ya kutoka nyumbani hakikisha siku na saa za kufunguliwa kwa makumbusho kwenye tovuti yao. Chumba kilichokodishwa kwa ndoa hufungwa kwa wageni wengine, hasa mwisho wa wiki. Kama Ukumbi Mkuu ndio unaokuleta, njoo siku ya kazi. Nyumba yenyewe tenga saa moja na nusu. Bustani ni juu ya hali ya hewa.

## Kukodi kumbi

15. Tunataka kufunga ndoa hapa. Tujue nini mapema?

Kumbi zina kibali cha ndoa ya kiserikali. Sheria ya England inataka kila mmoja atoe taarifa ya nia ya kuoana katika ofisi ya usajili ya wilaya anayoishi, angalau siku 29 kabla. Kama mmoja si raia wa Uingereza au Ireland na hana ukaazi wa kudumu, kipindi hicho kinaweza kurefushwa hadi siku 70, kwa hiyo usilipe amana ya tarehe ya karibu kabla ya kuulizia ofisi ya usajili. Hapo ndipo wengi walio na viza huumia.

Ndoa ya kiserikali haiwezi kuwa na ibada ndani yake. Wanaotaka nikaha au misa hufanya hiyo mahali pengine, siku hiyo au nyingine. Angalizo: nikaha isiyosajiliwa, ikiwa peke yake, haihesabiki kuwa ndoa mbele ya sheria ya England, na mke ndiye huathirika zaidi mume akifariki au wakiachana. Fungeni zote mbili. Kanisa dogo la kasri ni la Kianglikana na lina taratibu zake. Ulizia tofauti na kumbi.

16. Tunaweza kuleta mpishi wetu, sufuria za pilau na ngoma?

Mpishi, muulizie mwenye ukumbi kama yumo katika orodha yao au kama wanapokea wa nje. Moto wa wazi ndani ya jengo la daraja la kwanza la ulinzi sahau kabisa: si mkaa, si jiko la gesi, na kwa kawaida hata si mishumaa. Pilau ipikwe kwingine na iletwe katika masanduku ya kuhifadhi joto. Udi na ubani vinaweza kuamsha king'ora cha moshi na kutoa wageni wote nje. Ngoma zina kikomo cha sauti na saa kwa ajili ya majirani. Pata kikomo hicho kwa maandishi kabla ya kulipa bendi.

Mapambo: hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna utepe wa kunata ukutani. Rangi ya zamani hubanduka na utepe. Tumia nguzo zinazojisimamia zenyewe.

## Kwa wanaotaka kufanya kama hivi kwao

17. Tuna nyumba kongwe ya misheni au ya mji wetu. Tuanzie wapi?

Anzeni na karatasi. Hakuna mfadhili wa maana atakayetoa fedha za paa kwa kikundi ambacho mwenye nyumba anaweza kukitoa kesho. Mfano wa Fulham ni huu: kanisa halikuuza, lilikodisha kwa muda mrefu, aliyekodi akawa na sababu ya kutengeneza, baadaye ikaundwa taasisi isiyo na kazi nyingine ila nyumba hiyo. Kutoka askofu wa mwisho kuondoka hadi ukarabati wa awamu ya tatu kukamilika mwaka 2019 ilipita miaka 46. Awamu hizo zilisaidiwa na mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa, na kila moja ilikuwa na mipaka yake.

Karatasi ikishakaa sawa, pimeni jengo na kulichora jinsi lilivyo, pamoja na nyufa. Kisha paa na mifereji ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Tumeona kamati ngapi zikianza na rangi na fenicha kwa sababu ndivyo vinavyoonekana siku ya mgeni rasmi, na masika ya kwanza yakavimaliza. Wakati kazi inaendelea, fungueni hata chumba kimoja. Nyumba iliyofungwa miaka mitano huliwa na mchwa, popo na wezi wa mbao.

18. Kwa nini mafundi wa majengo haya wanakataa saruji?

Tofali la zamani ni laini na linanywa maji. Chokaa katikati yake ni laini zaidi, kwa hiyo unyevu wa ukuta hutokea kwenye viungo, na chumvi huishia humo. Kiungo kikichakaa unakibadilisha. Ukijaza saruji, umefunga mlango: maji yanatokea kwenye tofali, chumvi inaganda nyuma ya uso wake, baridi ikija maji yanavimba, na uso wa tofali unadondoka vipande vipande huku saruji ikibaki imesimama kama kimiani. Pwani yetu haina barafu, lakini ukuta wa matumbawe uliopigwa lipu ya saruji hufanya vilevile kwa chumvi: lipu inavimba, inalia ukiigonga, inaanguka na jiwe lake.

Utaratibu wa kujaza viungo upya ni huu. Toa kiungo kibovu kwa patasi nyembamba na nyundo. Msumeno wa umeme unakata kingo za tofali, na kingo hazirudi. Ingia ndani angalau mara mbili ya upana wa kiungo, kwa kawaida milimita 25. Fagia vumbi, lowesha ukuta mpaka usinywe haraka tena, lakini maji yasitiririke. Changanya chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 3 kwa ujazo, mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Sukuma mchanganyiko kwa nguvu hadi ndani, usipake juu tu. Subiri hadi kidole gumba kisiache alama lakini ukucha uache, ndipo upige uso wake kwa brashi ngumu. Kisha funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa.

Kazi hii hufa kwa kukauka upesi au kuganda. England husimamishwa joto likishuka chini ya nyuzi 5. Mombasa au Zanzibar adui ni jua la saa sita na upepo wa kusi. Chokaa iliyokaushwa haraka hugeuka unga. Ukiikwaruza kwa ufunguo wiki mbili baadaye inamwagika. Hapo hakuna dawa, toa uanze upya.

19. Sherehe nyingi zinaliharibuje jengo?

Kwa pumzi. Mtu aliyekaa hutoa gramu 40 hadi 50 za mvuke kwa saa. Wageni 80 kwa saa nne ni lita 13 hadi 16 za maji hewani, bila kuhesabu vyakula vya moto na wanaocheza. Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi: kioo, kona nyuma ya kabati, sehemu ya juu ya dari ya plasta. Baada ya miezi unaona ukungu mweusi.

Usizibe mabomba ya moshi ya zamani, hayo ndiyo mapafu ya nyumba. Pasha chumba polepole na kwa kiwango kilekile, badala ya kukiacha baridi wiki nzima na kukichoma Jumamosi. Fungua madirisha ya pande mbili baada ya wageni kutoka, hata kama ni usiku. Na kabla ya kuruhusu watu kucheza ghorofani, mhandisi apime boriti. Watu wanaoruka kwa mdundo mmoja ni mzigo tofauti na idadi ileile iliyokaa.

20. Kwa nini hata kuchimba shimo la nguzo kunahitaji kibali?

Kwa sababu Fulham eneo lote ndani ya handaki la zamani linalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1979, mbali na ulinzi wa jengo lenyewe. Kuchimba bila kibali ni kosa la jinai. Kwa vitendo, bomba jipya la maji hupitishwa kwenye mtaro wa zamani inapowezekana, na mwanaakiolojia husimama pale jembe linapoingia. Nyaya hupitishwa chini ya mbao za sakafu au ndani ya mabomba ya moshi yasiyotumika, na skrubu huingia kwenye kiungo, si kwenye tofali. Kanuni ni kwamba kila ulichoongeza kiweze kuondolewa bila kovu.

21. Kama kuingia ni bure, fedha zinatoka wapi?

Kumbi, mkahawa, duka, kodi ya pango, michango na ruzuku. Penye hatari ni kumbi, kwa sababu ndizo zinazolipa vizuri zaidi na ndizo zinazofungia wananchi mlango. Kamati iandike mapema ni siku zipi haziuzwi kwa bei yoyote, kwa mfano Jumapili moja kila mwezi na siku za shule. Bila maandishi, bajeti ya mwaka wa pili itazila.

## Maswali ya pembeni

22. Kuna mtu anaitwa Askofu wa Fulham. Haishi hapa?

Haishi. Ni askofu msaidizi katika dayosisi ya London, na cheo chake kimechukua jina la mahali tu.

23. Natafuta nyaraka za kanisa za makoloni. Zimo Fulham?

Hapana. Nyaraka za maaskofu wa London kuhusu makoloni, zinazojulikana bado kwa jina la Fulham, ziko katika maktaba ya Lambeth Palace. Nyingi zinahusu Marekani na Karibiani. Anayefuatilia misheni za Zanzibar na bara la Tanganyika asipoteze siku humo: aanzie kwenye nyaraka za UMCA (misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) zilizoko maktaba ya Bodleian, Oxford. Andika barua pepe kabla ya kusafiri, taja namba za majalada unayotaka, na uende na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi mezani.